Mtoto wa wiki tano analia kila jioni: je, tiba ya kushikwa na kuchuliwa inasaidia?

Mama Nuru, Leicester

Assalaam alaykum, na salamu kwa wazazi wenzangu wote. Mwanangu ana wiki tano. Alizaliwa miezi ikiwa imetimia, ananyonya maziwa yangu tu, na muuguzi anayetutembelea nyumbani ameridhika na uzito wake. Tatizo ni kilio. Ikifika magharibi hukunja miguu, hukaza ngumi, uso huiva kwa wekundu, na hatulii mpaka usiku uende. Daktari amemchunguza na kusema ni chango la kawaida ambalo litaisha lenyewe.

Jirani yangu Mwingereza amenishauri nimpeleke kwa mtaalamu wa osteopathia, ambaye hushika kichwa na mgongo wa mtoto kwa ncha za vidole, polepole sana, kwa maelezo kwamba mifupa ya fuvu hubanwa wakati wa kuzaliwa. Mama yangu aliyeko Tanga anasema nimchue mwenyewe kwa mafuta ya nazi, nimnyooshe viungo na kumkanda utosi. Mume wangu hataki mtoto aguswe na mtu wa nje. Naomba mwenye elimu ya jambo hili anieleze kama tiba hii ina ukweli, ina hatari gani, na nikiamua kumchua mwenyewe nianzie wapi.

Mtaalamu wa fiziotherapia, Birmingham

Wa alaykum salaam, Mama Nuru. Nitajibu la osteopathia, la mafuta nitawaachia wanaolijua zaidi.

Osteopathia ilianzishwa Marekani na Andrew Taylor Still mwaka 1874. Tawi lake la kushika kichwa lilitokana na William Garner Sutherland, aliyefundisha kwamba mifupa ya fuvu husogea kwa mdundo wake, na kwamba mkono uliozoea unaweza kuuhisi mdundo huo na kuurekebisha. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Ni kweli kwamba mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana na kwamba kichwa hubanwa na kurefuka wakati wa kuzaliwa, lakini kwa kawaida hurudia umbo lake chenyewe. Tena wataalamu wawili wakipewa kichwa kimoja wahesabu huo mdundo, hesabu zao hazipatani.

Mwaka 2012 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia na kulinganisha tafiti za tiba, walikusanya majaribio 6 ya tiba za mikono kwa watoto wenye chango, yaliyohusu watoto 325 kwa jumla. Mengi yalionyesha kwamba kilio kilipungua. Hata hivyo, katika mengi ya hayo mzazi aliyekuwa akiandika saa za kilio alijua kama mwanawe ametibiwa au hakutibiwa, na walipoangalia yale tu ambayo mzazi hakujua, tofauti iliyobaki haikuwa ya kutegemewa. Kumbuka pia kwamba kilio cha watoto wachanga hufika kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kuelekea mwezi wa 3 au wa 4. Mtoto anayeanza tiba wiki ya 5 na kuimaliza wiki ya 10 ataonekana amepona kwa mkono wa yeyote aliyemshika.

Simkatazi mzazi kwenda, maana mguso wenyewe ni mwepesi. Ukienda, hakikisha mtu huyo ameandikishwa katika General Osteopathic Council, baraza linalosajili wataalamu wa osteopathia, kwa kuwa hapa Uingereza jina la kazi hiyo linalindwa na sheria ya mwaka 1993. Wanaojiita watibabu wa kraniosakra, yaani wanaoshika kichwa na uti wa mgongo kwa namna kama hiyo, hawabanwi na sheria hiyo. Na yeyote atakayetaka kuizungusha shingo ya mtoto kwa ghafla, mchukue mwanao uondoke.

Bi Mkubwa, Ng'ambo, Unguja

Mwanangu Mama Nuru, hongera kwa uzazi. Nimewakanda wazazi na watoto wao hapa mtaani kwa miaka mingi, na namheshimu mama yako, lakini la utosi usilifuate. Utosi ni mahali ambapo mfupa haujafunga. Hupakwa mafuta kwa kiganja kikipita tu, haukandwi wala haubonyezwi. Viungo navyo havivutwi. Kumning'iniza mtoto miguu juu, kumrusha na kumfinya pua ili ichongoke ni mambo niliyoyakuta kwa wakubwa zangu na nimeyaacha, kwa sababu sikuona faida yake hata siku moja, na hofu ya mtoto niliiona kila mara.

Kuchua kwenyewe ni hivi. Subiri maziwa yashuke, hata nusu saa au zaidi baada ya kunyonya. Chumba kiwe na joto, nawa mikono, vua pete na bangili, kata kucha. Kaa chini unyooshe miguu yako, mtoto umlaze mapajani akikutazama, kwa sababu mwili wenye mafuta huteleza na pale chini hana mbali pa kuangukia. Mimina mafuta kidogo kiganjani, yasugue mpaka yapate joto la mkono wako, kisha anza na miguu: shika paja kwa kiganja kizima, ushuke nalo taratibu hadi unyayoni, mkono mmoja ukiondoka mwingine uwe umeshafika. Miguu ikilegea ndipo uende tumboni. Weka kiganja chini ya mbavu, uzungushe kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kwa uzito wa mkono tu bila kukandamiza. Halafu kunja magoti yote mawili kuelekea tumboni, yatulize hapo kidogo, uyaachie. Mara nyingi hewa hutoka hapo hapo. Akigeuza uso, akijipinda mgongo au akianza kulia, acha. Mtoto ameshakwambia basi, na mkono usiosikia basi hauna tiba.

Mkunga, Temeke

Bi Mkubwa, shikamoo, na ahsante kwa maelezo hayo. Upole wa mkono unaousema una msingi: watafiti wa Oxford walionyesha mwaka 2018 kwamba mtoto mchanga akipapaswa kwa mwendo wa takriban sentimita 3 kwa sekunde, ubongo wake huitikia maumivu ya sindano kwa kiasi kidogo zaidi, na mkono ulipopita kwa haraka mara kumi ya hapo, manufaa hayo hayakuonekana.

Mafuta ya nazi au ya alizeti yanafaa. Ya haradali yaepuke, kwani huharibu ngozi. Kama kitovu hakijapona vizuri, tumbo liache kwanza. Usimpe maji ya chango, dawa ya mitishamba wala asali, hata kwa kulambisha; asali inaweza kumtia sumu mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Nasisitiza jambo moja kwa kila mzazi anayesoma hapa. Kilio cha chango ni cha mtoto ambaye saa nyingine ni mzima na ananyonya. Mtoto mchanga anayekataa ziwa, mwenye joto la mwili la 37.5 au zaidi, anayetapika kijani, mwenye damu kwenye choo, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mwenye utosi uliovimba au degedege, hachuliwi na mtu. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Na kilio kikikuzidi, dada yangu, mlaze chali mahali salama, toka chumbani dakika chache, au mpe baba yake. Kumtikisa mtoto kunaweza kumjeruhi ubongo.

Mama Nuru, Leicester

Nawashukuru sana, na Bi Mkubwa namwamkia. Nimemsomea mume wangu majibu yote na amekubali kujifunza kumchua yeye mwenyewe. Limebaki moja: akishatulia mikononi, nikimlaza tu huamka na kilio huanza upya. Nifanyeje?

Mkunga, Temeke

Usimlaze mara anapofumba macho. Watafiti wa Japani waliochapisha kazi yao mwaka 2022 waliona kwamba mtoto anayelia hutulia akibebwa kwa kutembezwa bila kusimama kwa dakika 5, na kwamba akishalala afadhali mzazi akae naye kifuani dakika 5 hadi 8 kabla ya kumweka kitandani, kwa sababu usingizi wa mwanzo ni mwepesi na kutenganishwa na mwili wa mzazi ndiko kunakomwamsha. Baba akimbeba kwa mbeleko, uso uonekane, kidevu kisigandamane na kifua, na magoti yawe yametanuka. Kitandani alale chali, kwenye godoro gumu lisilo na mto.