Mjadala: Nani alipie viraka vya matoleo ya zamani?

Wakuu, Septemba 2023 mjini Bilbao, Hispania, Jonathan Corbet, mhariri wa tovuti ya habari za Linux ya LWN, alitangaza kwamba matoleo ya kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) yanayotunzwa kwa muda mrefu, yaani yanayoendelea kupewa marekebisho, yatatunzwa miaka miwili, si sita tena. Alisema matawi yale, yaani matoleo hayo ya zamani, hayana watumiaji wa kutosha kustahili kazi hiyo. Uchovu wa watunzaji nao ulitajwa. Tangu hapo kuna wanaosema hamieni toleo jipya, acheni kuwasumbua watu. Wengine wanajibu kwamba kiraka, yaani rekebisho la hitilafu, kikishaandikwa, kukirudisha kwenye tawi la zamani ni kazi ndogo, mnatunyima kwa nini?

Msimamo wangu ni huu: tawi litunzwe maadamu lina watu, lakini gharama ni ya aliyeuza kifaa kilichojengwa juu yake. Asibebeshwe mtunzaji, wala asiachiwe mtumiaji.

Hilo la "kazi ndogo" linaniudhi kweli. Kiraka kimeandikwa kwa msimbo wa leo. Kwenye tawi la miaka minne iliyopita huenda funksheni (kipande cha msimbo) inayorekebishwa haipo, au kinategemea viraka vingine vitatu ambavyo havikurudishwa. Kinaweza kuingia bila kugongana na msimbo uliopo, programu ikajengeka bila onyo hata moja, halafu data ya mtu ikaharibika. Ndiyo maana watunzaji wa XFS, mfumo wa Linux wa kupanga faili kwenye diski, walikataa viraka vyao vichaguliwe kiotomatiki kwa ajili ya matawi ya zamani. Matokeo yake matawi hayo yakakosa marekebisho mengi, hadi mwaka 2022 wahandisi wa kampuni zinazoyategemea walipojitwika kazi: huyu tawi la kerneli 5.4, yule 5.10, mwingine 5.15, wakipima kila fungu la viraka kabla ya kulipeleka. Mwenye haja ndiye aliyebeba. Nataka iwe hivyo kwingine pia.

Kwa upande wa "hamieni jipya", mwenye seva naweza kumwambia hivyo. Mwenye simu je? Simu ya Android aliyonunua mtu Kariakoo au Luthuli ina kerneli iliyofanyiwa mabadiliko na mtengeneza chipu, kisha na kampuni ya simu. Hana namna ya kuhamia kerneli mpya hata akitaka.

Hapa wanaopinga kutunza matawi ya zamani wana hoja nzito, naikubali. Kerneli 4.14 ilitoka Novemba 2017 ikatunzwa hadi Januari 2024, na bado simu nyingi zilizoitumia ziliacha kupata masasisho mapema zaidi. Kiraka kilikuwepo, mtu alikesha kukiandaa, na hakikumfikia mwenye simu. Sasa miaka sita ya jasho ilimsaidia nani? Lakini tazameni mnyororo ulikatikia wapi. Haukukatikia kwa watunzaji. Ulikatikia kwa muuzaji aliyekwisha kupokea pesa yake.

Ulaya wameligusa jambo hili. Sheria yao iitwayo Cyber Resilience Act, ambayo wajibu wake mkuu utaanza Desemba 2027, inamtaka mtengenezaji ashughulikie mianya ya usalama kwa angalau miaka mitano, isipokuwa kifaa ambacho matumizi yake yanatarajiwa kuwa mafupi zaidi. Mchangiaji wa programu huria asiyefanya biashara hakutwishwa wajibu huo.

Kwetu TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya tayari huidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano. Waongeze sharti moja: tarehe ya mwisho ya masasisho ichapishwe kwenye boksi, na muuzaji awajibishwe nayo.

Najua nitaambiwa simu za bei nafuu zitapanda. Huenda. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo inayobeba M-Pesa ya mama muuza mboga, na mwanya ukitumiwa, hasara ni yake peke yake. Anayeona bei hiyo ni sawa, aeleze hapa kwa nini yeye ndiye ailipe.