Kuchuja rekodi kwa tarehe: BETWEEN, DATE() au mipaka ya >= na <?

Mdau wa Tukuyu
Ndugu wanachama, ninatunza kanzidata ya majani mabichi ya chai yanayopimwa vituoni, na safu ya muda_wa_kupima inahifadhi tarehe pamoja na saa. Nilitoa taarifa ya Mei 2024 kwa BETWEEN '2024-05-01' AND '2024-05-31', na wakulima waliopima siku ya mwisho wakakuta kilo zao hazimo kwenye malipo. Imeniumiza, maana hilo ni jasho lao. Wapo wanaonishauri DATE(muda_wa_kupima), inayobakiza tarehe bila saa, na wapo wanaosema niongeze 23:59:59 kwenye tarehe ya mwisho. Nifuate lipi?

Mdau wa Mafinga
BETWEEN hujumuisha mipaka yote miwili, ila '2024-05-31' isiyo na saa husomwa kuwa saa sita kamili usiku, siku hiyo inapoanza, kwa hiyo chai iliyopimwa saa 4 asubuhi imekwisha kuvuka mpaka. Safu ingekuwa ya tarehe tupu, ulizo (query) lako lingekuwa sahihi. DATE() hutoa jibu sahihi, lakini katika programu ya kanzidata ya MySQL ukiifunika safu kwa kitendaji (function) kama hicho, faharasa (index, yaani orodha inayoharakisha utafutaji) ya kawaida ya safu hiyo haisaidii tena, na kanzidata hulazimika kukokotoa rekodi moja baada ya nyingine.

Mdau wa Makambako
Mimi hutumia 23:59:59, na kwa safu inayohifadhi sekunde nzima sijaona kasoro.

Mdau wa Iringa
Kaka wa Makambako, siku safu itakapobadilishwa ihifadhi vipande vya sekunde, rekodi ya 23:59:59.4 itapotea kimyakimya. Ukijaribu 23:59:59.999 kwenye aina ya datetime ya SQL Server, programu nyingine ya kanzidata, thamani hukadiriwa hadi mwanzo wa siku inayofuata. Ninapendekeza bila kusita:

WHERE muda_wa_kupima >= '2024-05-01' AND muda_wa_kupima < '2024-06-01'

Huhitaji kukumbuka kama mwezi una siku 28, 30 au 31, faharasa inatumika, na rekodi ya saa sita kamili usiku haihesabiwi katika miezi miwili.

Mdau wa Uyole
Ninaunga mkono, ila hakikisha kwanza saa zinahifadhiwa kwa majira gani. Kama ni UTC, yaani majira ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa 3, na mzigo uliopimwa kiwandani saa 8 usiku wa kuamkia Juni 1 umeandikwa 23:00 ya Mei 31, hivyo utaingia Mei. Hapo mipaka yako iwe '2024-04-30 21:00' na '2024-05-31 21:00'.

Mdau wa Tukuyu
Nashukuruni sana. Seva yetu inahifadhi saa za hapa nyumbani, kwa hiyo nimetumia mipaka ya mdau wa Iringa kama ilivyo. Amri ya EXPLAIN, inayoeleza jinsi ulizo linavyotekelezwa, inaonyesha faharasa inatumika, na kilo za Mei 31 zote zimeonekana. Sasa ninapitia miezi iliyotangulia, mmoja mmoja, ili mhasibu apate orodha kamili ya wanaodai.