Naomba ushauri: steki ya rozmari, oregano na limau kwa nyama ya bucha zetu za Dar

Mama Kijichi (mleta uzi)
Habari za jioni wanajamvi. Jumapili wakwe zangu wanakuja kula mchana hapa Kijichi. Nataka kuwapikia vipande vinene vya nyama ya ng'ombe vilivyopakwa majani ya viungo, kama wapikavyo Wagiriki na Waitaliano: rozmari, oregano, kitunguu saumu, limau, mafuta ya mzeituni. Nina jiko la gesi na kikaango kizito cha chuma, oveni sina. Nyama ya bucha ya mtaani ukiikaanga bila kuichemsha kwanza inakaza. Halafu mama mkwe hali nyama yenye wekundu ndani. Nifanyeje?

Mzee wa Bucha
Dada, anza na nyama, viungo baadaye. Ng'ombe wetu wengi ni zebu, wale wa kienyeji wenye nundu, wametembea sana machungani, hawana mafuta katikati ya nyuzi, na nyama inauzwa siku ileile waliyochinjwa. Baada ya kuchinjwa nyama hukakamaa, kisha inajilainisha yenyewe polepole ikitunzwa kwenye baridi. Ukinunua asubuhi ukakaanga mchana, umeikuta bado imekaza. Nunua Ijumaa, ifute maji, iweke juu ya wavu kwenye friji bila kuifunika mpaka Jumapili.

Omba sarara, ukikosa omba ya mgongoni. Ukisema steki tu utakatiwa paja, na paja ni la mchuzi. Unene uwe kama sentimita 3. Na hakikisha nyama ina muhuri wa mkaguzi.

Shemeji wa Upanga
Mbona mnahangaika, papai bichi lipo! Mishkaki yote ya pwani inalainishwa hivyo.

Mzee wa Bucha
Mishkaki ni vipande vidogo, mkuu. Kwenye kipande kinene papai linakula juu tu: nje panakuwa uji, katikati hapajaguswa.

Binti Kisutu
Rozmari mbichi ulizia soko la Kisutu, au kwa wauza miche ya maua, chukua mche kabisa upande kwenye ndoo. Oregano kavu inatosha, tena harufu yake ni kali kuliko mbichi.

FundiJiko
Naomba uzingatie mpangilio, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu.

Chumvi ipake saa moja kabla. Itatoa maji, halafu maji yale yatarudi ndani pamoja na chumvi. Ukikosa muda huo, ipake wakati kikaango kiko tayari. Ukipaka dakika kumi kabla, nyama inaingia motoni ikiwa imelowa na inachemka badala ya kupata rangi. Katakata rozmari ndogondogo, changanya na oregano, pilipili manga, ganda la limau lililoparuzwa (sehemu ya njano tu, nyeupe ni chungu) na mafuta kidogo ya mzeituni, kisha paka.

Kitunguu saumu kisiwemo humo. Kinaungua na kuwa kichungu kabla nyama haijashika rangi. Kiponde ukitie kikaangoni dakika ya mwisho, moto ukiwa mdogo. Maji ya limau yakamulie mezani. Nyama ikilala kwenye limau, juu inapauka na kulegea.

Kaanga kama dakika 3 kila upande kwa moto mkali, punguza, funika kidogo. Ukiwa na kipimajoto, 63°C katikati kisha ipumzike dakika 3 ni salama. Ikishapumzika, kata ukikatiza nyuzi. Hilo peke yake linalainisha kuliko unavyodhani.

Bibi Harusi wa Zamani
Kuhusu mama mkwe, mwenzangu, usibishane naye. Ule wekundu si damu, ni maji ya nyama na protini yake, lakini wazee waliogopa minyoo ya tegu na walikuwa na sababu. Chake kikate chembamba, sentimita moja na nusu, kiive hadi ndani bila kukauka. Kimpe na kachumbari ya nyanya, tango na mafuta ya mzeituni.

Mama Kijichi
Asanteni sana, Mungu awabariki. Sasa umeme ukikatika nyama iko kwenye friji?

Mzee wa Bucha
Usifungue mlango. Ndani ya saa 4 haina neno. Ikizidi hapo na baridi imeisha, usiwape wageni.