Naomba ushauri: waya wa winchi umeanza kukatika nyuzi

Wakuu, habari za kazi. Nipo saiti ya ghorofa 9 Kariakoo, tunapandisha zege na tofali kwa winchi ya dizeli, waya wa milimita 12. Karibu na ngoma (pale waya unapojizungushia kwenye winchi) nimehesabu nyuzi 7 zilizokatika ndani ya sentimita 7 hivi, na huenda ni zaidi maana grisi imeganda. Nimemwambia msimamizi, akaongeza grisi tu. Kinachoniumiza, jioni vijana hupanda humohumo kwenye ndoo, na hakuna breki ya kuidaka waya ukikatika.

Je, tukikata kipande kibovu tunaweza kuendelea, au waya wote ni wa kutupa? Na nikiripoti OSHA (wakala wa serikali wa usalama kazini), jina langu litabaki siri? Vibarua hapa hatuna mkataba.