Kusubu bodi ya injini ndogo ya mashindano: vitundu vinatoka wapi?

Kijana wa Kizota: Wakuu, natengeneza injini ya sentimita 10 za ujazo kwa ajili ya gari dogo la mashindano, na bodi yake nimeisubu hapa Dodoma kwa masufuria yaliyotoboka. Nilipoikereza, mahali pa kukaa silinda palijaa vitundu kama vya andazi. Nimekosea wapi?

Fundi Mstaafu: Mwanangu, achana na masufuria. Tafuta pistoni chakavu za magari, kwa kuwa zina silikoni inayoifanya alumini itiririke vizuri ndani ya kalibu na kupunguza kusinyaa. Vitundu vingi hutokana na haidrojeni ya unyevu, hivyo kausha vipande kabla ya kuviyeyusha na usiloweshe mchanga wa kalibu kupita kiasi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ukimimina kwenye 720 hivi inatosha, maana ikizidi moto hunywa gesi zaidi.

Mpenda Injini: Nami naongezea kuhusu plagi, kifaa cha kuwasha mafuta ndani ya silinda. Injini ndogo za mashindano kama Dooling 61 ya Marekani zilianza na plagi ya cheche. Mwaka 1947 mbunifu Ray Arden akaleta plagi ya waya wa platinamu, unaobaki mwekundu kwa mafuta ya methanoli hata betri ya kuupasha moto mwanzoni ikiondolewa.

Kijana wa Kizota: Shikamoo mzee. Kumbe mchanga wangu ulikuwa tope!