Kisu kinalika upande mmoja, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Ndio najifunza kutengeneza visu, hiki cha tatu. Nasaga kwa mashine ya mkanda wa msasa, namba 60. Upande wa kulia unatoka vizuri tu. Nikigeuza, mkono wa kushoto unanisaliti: msasa unakula zaidi karibu na ncha, mstari wa mshazari (pale mteremko wa makali unapoanzia) unapanda hadi mgongoni. Nimepaka wino ukingoni na kuchora mstari wa katikati, nimeacha unene wa milimita 1 ukingoni kabla ya kukitia moto ili kiwe kigumu, bado tatizo liko palepale. Cha jana kimeisha kama mundu!

Nitengeneze kishikio cha kubana kisu kikae kwenye pembe ileile, au nirudi kwenye tupa kwanza? Na nyie mnabadilisha mikono, au mnabadilisha namna ya kusimama?