Je, mchoro wenye vitu vichache umekamilika? Kuhusu maksai wa Giovanni Fattori

Mchoraji wa Urambo:
Habari zenu, ndugu wapenzi wa sanaa. Ninachora maisha ya mashambani hapa Urambo, mkoani Tabora, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitazama picha za Giovanni Fattori, mchoraji wa Italia aliyezaliwa Livorno mwaka 1825 na kufariki Florence mwaka 1908. Katika mchoro wake wa mwaka 1887 uliohifadhiwa katika jumba la sanaa la Brera, jijini Milan, kuna mkokoteni mwekundu, maksai wanaopumzika, mkulima aliyeketi na, nyuma yao, ukanda wa bahari. Basi. Hakuna kijiji wala umati wa watu, na bado najihisi nimeketi pale pamoja na mkulima yule.

Nilijaribu kuifuata njia hiyo kwa kuchora mkokoteni wa marobota ya tumbaku, maksai wawili na ardhi nyekundu tu. Mnunuzi aliurudisha mchoro akisema sijaumaliza, akanitaka niongeze nyumba, miti na akina mama waliojitwika ndoo. Nitajuaje kwamba uchache wangu unatosha, na kwamba si uvivu?

Mwalimu wa Sanaa, Tabora Mjini:
Ndugu, swali lako ni zito. Fattori alikuwa miongoni mwa Macchiaioli, wachoraji wa Toscana ambao jina lao linatokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya doa, kwa sababu walijenga picha kwa madoa ya mwanga na kivuli yaliyowekwa kando kwa kando, badala ya kuanza na mistari ya kuzungushia kila umbo. Kwa hiyo sehemu unayoiona tupu katika kazi zake haikuachwa hivi hivi: rangi ya ardhi imepimwa dhidi ya rangi ya bahari, na bahari dhidi ya anga. Tazama mchoro wake wa mwaka 1866 wa wanawake waliokaa chini ya turubai ufukweni. Ni ubao wa sentimita 12 kwa 35, yaani kimo chake hakifikii upana wa daftari la shule, lakini ufukwe mzima umo.

Finya macho mbele ya mchoro wako. Kama ardhi na anga zinakuwa kitu kimoja, tatizo liko kwenye rangi, na nyumba kumi hazitaliondoa.

Mfugaji, Nzega:
Mimi si mchoraji, ila nimelima kwa maksai tangu utotoni. Ng'ombe anayefunguliwa nira baada ya kazi hasimami kama yule anayetoka malishoni: shingo hushuka, mguu mmoja wa nyuma hulegea, na macho huwa kama yamesahau kutazama. Mwanangu, ukichora vitu vitatu tu, kila kimoja kitatazamwa kwa muda mrefu, na hapo hakuna pa kujificha. Ikiwa maksai wako anaweza kuwa ng'ombe yeyote, mimi namwelewa mnunuzi wako, kwa maana alitafuta cha kutazama akakikosa.

Msomaji wa Ujiji:
Naongeza neno moja. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wetu wa Tanzania aliyefariki mwaka 1972, mara nyingi alichora mnyama mmoja tu juu ya hadibodi yenye usuli wa rangi moja. Misitu ya ndege na maua tunayoiona madukani leo ilistawi zaidi mikononi mwa waliomfuata. Uchache si ugeni kwetu, wala huhitaji ruhusa ya Italia ili kuutumia.

Mchoraji wa Urambo:
Nawashukuru sana. Mzee wa Nzega, shikamoo. Nimerudi kuutazama mchoro, na ni kweli: maksai wangu wameinua shingo kama wanaosubiri kupigwa picha, kwa sababu niliwachora nikiwa nyumbani, kwa kukumbuka. Asubuhi nitakwenda na penseli hadi mahali mikokoteni inaposhusha tumbaku. Naomba uniambie jambo moja: maksai aliyezoea kufungwa kulia hubaki upande huo hata akifunguliwa?

Mfugaji, Nzega:
Marahaba. Wangu hubaki. Mwenzake akisogea, yeye humwachia nafasi ileile aliyokuwa nayo chini ya nira. Ichore hiyo nafasi.